Timu Inafungwa, Lakini Inafika

3 Agosti

Mke wangu amenipa daftari hili leo asubuhi. Amelitupa mezani pembeni ya chai yangu akasema, "Ukitaka kufoka, fokea hili. Mimi na watoto tumechoka kufundishwa kukaba tukiwa tunakula."

Basi nafoka. Mimi ni beki mstaafu. Mashabiki waliniita Kisiki, na wapo wanaoniita hivyo hadi leo, ingawa goti lilinistaafisha kabla mwenyewe sijaamua. Tangu wiki iliyopita mimi ni kocha mkuu wa klabu ileile niliyomalizia soka langu, klabu ambayo kila msimu inaponea chupuchupu kushuka daraja. Nimesomea ukocha na cheti ninacho. Nimeapa kwamba safari hii tutakaa katikati ya msimamo, kama watu wenye heshima zao.

Leo yalikuwa mazoezi ya kwanza. Nilisema saa moja kamili. Saa moja kamili tulikuwepo mimi na golikipa. Wenzake wanamwita Wakili, kwa sababu hajawahi kukubali kwamba kuna goli lililoingia kwa kosa lake. Kumbe aliwahi ili anieleze kwamba magoli yote ya msimu uliopita yalikuwa ya mabeki.

4 Agosti

Koni za mazoezi zimeibwa. Zote. Mtu anaiba koni akafanyie nini?

9 Agosti

Leo nimechora ubaoni mishale ya rangi tatu. Nimeeleza jinsi mstari wa nyuma unavyosogea kwa pamoja, nani anafuata nani, nani anaziba wapi. Nikauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu "Ndiyo, kocha!" kama kwaya. Tukaingia uwanjani. Mpira ukaanza, na watu wote wakaukimbilia utafikiri unagawa sukari ya bure.

Nahodha alikuwa anacheka. Nahodha ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Tumecheza pamoja miaka mingi, mimi nyuma, yeye katikati. Enzi zake walimwita Kinanda, kwa jinsi alivyoichezesha timu nzima. Sasa umri umemfikia kama ulivyonifikia mimi, ila goti lake ni zima na mdomo wake haujazeeka hata kidogo.

"Shemeji," akaniambia, "mishale ni mizuri. Ungeandika na majina ya barabara tusingepotea."

Vijana wakaangua kicheko. Nikawapa mizunguko ya uwanja, wote, na yeye akiwemo.

1 Septemba

Simu imelia kabla hakujapambazuka vizuri. Ni Mama Mwenyekiti. Huyu mama ana duka la vifaa vya ujenzi, na uenyekiti wa klabu aliupata baada ya wanaume watatu kuugombea hadi wakagombana. Hajawahi kupiga mpira teke maishani mwake.

"Mwanangu, jana kwenye ile mechi ya kirafiki, mbona watu wetu walikuwa wanarudisha mpira nyuma? Goli si liko mbele?"

"Mama, tunajenga mashambulizi kuanzia nyuma."

"Mimi nauza saruji, kujenga nakujua. Msingi huwekwa mara moja. Nyinyi kila dakika mnaweka msingi."

Nimemjibu kwa adabu. Baada ya kukata simu nimeufokea mto wa kulalia.

9 Septemba

Mechi ya kwanza ya ligi. Tumefungwa mbili bila.

16 Septemba

Sare.

23 Septemba

Tumefungwa. Wakili anasema jua lilimpiga machoni. Mvua ilikuwa inanyesha.

26 Septemba

Meneja wa klabu ameacha kazi, amekwenda kuuza bima. Mama Mwenyekiti akaniita akanikabidhi furushi la funguo lisilokuwa na alama hata moja. "Shika na umeneja, mwanangu, kwa muda tu."

Nilitaka kukataa. Lakini Jumamosi tuna safari, na basi halikuwa limeagizwa, wala hakuna aliyejua tutalala wapi. Nikaona nikikataa tutakwenda kwa miguu.

5 Oktoba

Choo cha mashabiki kimeziba. Mtu aliyetakiwa kukizibua alikuwa hajulikani. Sasa anajulikana.

14 Oktoba

Leo nimemwambia Shemeji kwamba Jumatano ataanzia benchi.

Nililala na jambo hilo kifuani siku nyingi. Nilimwita ofisini, kile chumba cha chini ya jukwaa ambacho mtu akikanyaga huko juu vumbi linakudondokea kichwani. Nilimwambia moja kwa moja. Akacheka. Alipoona sicheki, akaacha.

"Ni kwa mechi hii tu?"

"Tutaona."

"Tutaona ni jibu la daktari, shemeji. Niambie kama beki."

Nikamwambia kama beki. Nikamwambia viungo wa timu nyingine wanampita pale katikati kama wanapita mlango uliosahauliwa wazi. Nikamwambia mpira anauona mapema kuliko mtu yeyote, ila akiufikia umeshaondoka. Yalikuwa maneno ya kweli, lakini yalitoka kwa ukali ambao sikuupanga.

Akaangalia viatu vyake. Kisha akasema, "Sawa. Kocha ni wewe." Akatoka na kuufunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Nyumbani nikakuta habari imenitangulia. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa, mke wangu amekaa upande wa pili anakunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Nikaongea peke yangu kama redio. Nikaeleza kasi, nikaeleza umri, nikaeleza maslahi ya timu. Akakunja soksi.

Baadaye mama mkwe akapiga simu.

"Baba, hujambo? Watoto hawajambo?"

"Hatujambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia mwanangu siku hizi anakaa."

"Anakaa wapi, mama?"

"Anakaa tu. Mimi mpira siujui, baba. Ila nasikia wenzake wanakimbia na yeye anakaa."

18 Oktoba

Tumefungwa bila yeye. Mke wangu ameongea nami kwa mara ya kwanza. "Matokeo?" Nikamwambia. Akasema, "Ahaa."

Ahaa hiyo imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

6 Novemba

Mvua, mvua, mvua. Nusu ya uwanja imekuwa bwawa. Pampu ya kuvuta maji inafanya kazi ukiipiga teke, na lazima uipige upande wa kushoto. Sasa hivi mtu anayeijua pampu hiyo vizuri kuliko wote ni kocha mkuu mwenye cheti.

18 Novemba

Kwa siku kadhaa nimekuwa nikiona kitu. Mazoezi yakiisha, vijana hawaondoki. Wanazunguka nyuma ya stoo ya jezi, na Shemeji yumo katikati yao. Nikikaribia, wanatawanyika. Mtu aliyecheza mpira miaka yote niliyocheza anaujua mgomo unavyonukia. Nikasema, hapa napinduliwa, tena na mtu wa nyumbani.

Leo nikawanyemelea. Nilijibanza ukutani, mtu mzima na goti bovu, nikasikiliza.

Shemeji alikuwa amepanga njumu chini kwenye tope, mabeki wanne na viungo watatu. "Kocha jana alisema nini?" akawauliza. "Alisema mstari wa nyuma usogee pamoja. Sasa nyie mmewahi kuhamisha kabati, watu wanne? Mmoja akikimbia kwa ushujaa wake, kabati linamwangukia nani?"

"Mwenzake!"

"Basi mstari wa nyuma ni kabati. Unaposogea, unawapigia kelele wenzako. Anayebaki nyuma ndiye anayetuvunjia vyombo."

Wakacheka. Kisha beki wa kulia, kijana ambaye nimemweleza jambo hilohilo tangu Agosti kwa mishale ya rangi tatu, akaisogeza njumu yake mahali panapotakiwa. Bila kuambiwa.

Nilichotakiwa kufanya pale nakijua. Nilichofanya ni kutokeza na kuuliza, "Hapa kuna makocha wangapi?"

"Mmoja tu," Shemeji akasema. "Mimi nilikuwa natafsiri."

"Sikuomba mkalimani."

Nikamsimamisha wiki mbili, mbele ya vijana wote. Akaokota njumu moja baada ya nyingine, akampa kila mtu zake, akaondoka.

Nyumbani mke wangu alinisubiri mlangoni.

"Kaka yangu umemfukuza kwa kosa gani?"

"Anafundisha wachezaji."

"Anafundisha kinyume na unavyofundisha wewe?"

"Hapana. Anafundisha vilevile."

"Vibaya?"

Nikainama kufungua kamba za viatu.

"Nimeuliza, anafundisha vibaya?"

"Vizuri," nikasema.

Nilitegemea kufokewa. Badala yake alianza kucheka. Alicheka hadi akatafuta kiti. Naapa kwamba kufokewa kuna nafuu.

26 Novemba

Tano bila. Tumepigwa tano. Wakili hakusema neno, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

28 Novemba

Mama Mwenyekiti ameniita dukani. Nilipiga pasi shati, nikajua nakwenda kufukuzwa. Nilitaka nifukuzwe nikiwa nadhifu.

Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki katikati ya mifuko ya saruji na matoroli. Kila alipofungua mdomo, mteja aliingia akataka misumari. Nilihisi nachomwa kwa moto mdogo. Mwishowe akamwachia msaidizi wake mzani, akavua miwani.

"Mwanangu, nikuulize. Una kazi mbili. Unayoiweza ni ipi?"

"Mama, mimi nimesomea ukocha."

"Sikuuliza ulichosomea. Msimu uliopita tulinyang'anywa mechi mbili kwa sababu timu ilichelewa kufika. Tulisafiri tumesimama. Vijana walicheza na njaa. Uwanja wetu ulifungiwa kwa sababu ya vyoo. Tangu nikupe zile funguo, sijapata simu hata moja ya namna hiyo. Basi lipo, maji yapo, watu wanakula, wanalala. Timu inafungwa, lakini inafika."

"Kwa hiyo unanifukuza ukocha."

"Sikufukuzi. Nakuachia wewe useme. Ila usinicheleweshe, mkia wa ligi uko karibu kuliko unavyodhani."

Nimerudi nyumbani kwa miguu ili hasira ziishe njiani. Hazikuisha. Mimi, Kisiki, niliyewazuia mastraika ambao watu walilipa kiingilio kuwaona, nasifiwa kwa vyoo!

29 Novemba

Sijaamua.

30 Novemba

Sijaamua. Pampu imeharibika tena. Nimeifungua nikaona tatizo lilikuwa nini, na sasa inawaka bila teke. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kama nusu saa, jambo lililoniudhi sana.

1 Desemba

Mke wangu haulizi. Natamani aulize.

3 Desemba

Nimekwenda karakana kwa Shemeji. Pembeni ya mpira anatengeneza majokofu. Nilimkuta amelala chini, kichwa kimeingia nyuma ya jokofu la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Shemeji."

"Nakusikia. Subiri."

Nikasubiri. Alimaliza waya mmoja, akashika mwingine. Nilijua kabisa kwamba jokofu lile halikuwa na haraka. Hatimaye akatoka, akajifuta mikono kwenye kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Nimekuja kukuomba uchukue timu," nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno mengine marefu ya kutangulia, lakini yalinikimbia. "Wewe uwe kocha. Mimi nibaki na ofisi."

Akaniangalia sana. "Dada amekutuma?"

"Dada yako hata hajui nipo hapa."

"Mama Mwenyekiti?"

"Yeye aliniuliza swali tu. Mimi nilikusikia siku ile nyuma ya stoo, shemeji. Mambo ya kabati. Nilikaa pale ukutani nikajua kwamba mimi nikiwaambia wanaitikia, wewe ukiwaambia wanaelewa. Ndiyo maana nilikufukuza."

Alikaa juu ya ndoo.

"Lakini mishale ilikuwa sahihi," akasema. "Ujue hilo. Mimi kitu cha kutafsiri nilikipata kwako."

Nikaona aibu kumtazama.

"Nina sharti," akaendelea. "Wakati wa mapumziko usiingie chumba cha kubadilishia nguo. Hata kama paa linavuja."

"Na likivuja?"

"Utaziba kwa nje."

10 Desemba

Sare, ugenini. Kocha mpya amenipigia simu kutoka kwenye basi kunilalamikia kwamba siti yake haibonyei.

14 Januari

Kocha anataka mipira. Anataka koni. Anataka nyavu ndogo za mazoezi. Anataka mazoezi yaanze alfajiri, halafu anataka chai ya moto iwepo uwanjani alfajiri hiyohiyo. Nimemuuliza kama mimi nilipokuwa kocha niliwahi kudai hata nusu ya hayo. Akasema, "Ndiyo maana tulikuwa tunafungwa."

28 Januari

Tumeshinda! Moja bila, mabeki wamesogea pamoja dakika zote.

Jambo moja lazima nilihifadhi hapa. Kabla ya mechi nilimuuliza Shemeji mbona jina lake halimo hata kwenye akiba, ilhali anaruhusiwa kucheza. Akashangaa. "Nani, yule mzee? Yule hakimbii, shemeji. Wanampita kama mlango."

Alisema hivyo akinikazia macho, kisha akaenda zake. Hakuniomba radhi na mimi sikumwomba. Lakini nilirudi ofisini nikicheka peke yangu, vumbi linanidondokea.

11 Februari

Dirisha la ofisi linatazama uwanja wa mazoezi. Leo nilisimama pale nikamsikiliza Shemeji akiwaeleza vijana kona. Alitumia mfano wa watu wanaogombea bafu asubuhi kwenye nyumba ya kupanga. Kila mtu alielewa, hata mimi, ambaye kona zilikuwa kazi yangu. Nililifunga dirisha. Kuna siku naweza kusikiliza na kuna siku siwezi.

4 Machi

Tumefungwa. Kocha amegombana nami kuhusu chai.

17 Machi

Tumeshinda. Kocha amegombana nami kuhusu chai.

17 Aprili

Mvua za kutisha. Juzi watu wa ligi walikuja kuukagua uwanja, wakataka mechi zetu zilizobaki tukachezee kwa wenzetu. Nikawaambia warudi keshokutwa. Tukachimba mfereji, mimi, Wakili, na timu nzima baada ya mazoezi. Mama Mwenyekiti akaleta kokoto na mchanga, akasimama juu yetu na mwavuli akituelekeza. Niligundua kwamba kwenye mambo ya maji kwenda chini, yule mama anajua kuliko sisi sote. Sikubishana naye hata mara moja. Leo wakaguzi wamekuja, wakatafuta bwawa, hawakuliona.

12 Mei

Imebaki mechi moja. Tukipata sare, tunabaki. Mke wangu amenipigia pasi shati bila kuombwa, kisha akanifokea kwa kuliacha kitandani.

19 Mei

Tumebaki. Sare ya moja kwa moja, nyumbani kwetu. Nimetanguliza hilo kwa sababu kila aliyekuwepo leo anaweza kukusimulia goli letu, isipokuwa mimi.

Kipindi cha kwanza tulifungwa goli la kizembe, ambalo Wakili bado anaendelea kulitolea utetezi. Karibu na mapumziko beki wao akateguka vibaya kifundo cha mguu, gari la wagonjwa likampeleka hospitali. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kanuni inasema pasipo gari la wagonjwa, mpira hauchezwi. Mwamuzi akaniita. "Meneja, gari lisiporudi navunja mchezo." Mchezo ukivunjika nyumbani kwako kwa kosa lako, umepoteza.

Nikampigia dereva. Akasema amesharudi, yuko hapo nje, ila gari limezima kwenye mwinuko wa kuingilia getini. Nilitoka mbio, kama hizi zangu zinaweza kuitwa mbio. Stata ilikuwa imekufa. Breki ya mkono, dereva alinieleza kwa upole, ipo kwa ajili ya picha tu. Ya mguu alikuwa ameikanyaga hadi amenyanyuka kwenye kiti, na bado magurudumu yalikuwa yanateleza kwenye tope la mvua ya asubuhi.

Nikarudi kwa mwamuzi nikamwonyesha taa ya gari ikizunguka juu ya ukuta. Alifikiri, akashusha pumzi. "Maadamu naiona ile taa, naanzisha kipindi cha pili. Nisipoiona, nasimamisha. Na mliingize ndani."

Basi nikakusanya watu. Wakata tiketi, muuza maji, mashabiki waliochelewa. Tukasukuma. Gari lilikuwa zito kama deni la ukoo, linapanda kidogo, linarudi kidogo. Ndani nasikia filimbi, nasikia Shemeji akiwapigia kelele vijana kuhusu kabati. Sikuona chochote zaidi ya mlango wa nyuma wa gari na pua yangu. Muda ulikwenda hivyo. Tulikuwa tumebakiza hatua chache kulifikia geti, dakika za mwisho kabisa, ndipo uwanja ulipolipuka.

Kelele ilikuwa ya kwetu. Niliyecheza pale siwezi kuikosea. Na wasukumaji wangu wote, mmoja baada ya mwingine, wakaachia gari wakakimbilia ndani wakipiga mayowe.

Nikabaki peke yangu. Nililigeuzia mgongo, nikakita miguu yote miwili kwenye tope, ule mzima na ule wa goti bovu, nikalizuia. Gari likanisukuma kidogo. Nikalisukuma kidogo. Sikuwahi kumkaba straika yeyote kwa nguvu zile.

"Usiachie!" dereva akapiga kelele.

"Siachii! Kanyaga!"

"Nani kafunga?"

"Nitajuaje? Kanyaga!"

Ndani walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa nimepinda shingo kuitazama ile taa, naomba izunguke, isishuke chini ya ukuta. Nilisikia mtu anatoka getini anakuja mbio. Alikuwa mke wangu. Alikuwa amekaa karibu na geti, akawaona wasukumaji wote wanaingia, na mimi simo. Alivua viatu akavirusha pembeni, akaja akaweka bega lake pale pembeni ya mgongo wangu, kwenye mlango wa gari.

"Nani kafunga?" nikamuuliza.

"Sukuma kwanza," akasema.